Kipaji chako umeshakizoea: namna ya kukitafuta na kukinoa ukiwa Dar

Ukimkuta kijana kijiweni Mbagala, aliyepata divisheni ziro kidato cha nne, ukamuuliza ana kipaji gani, jibu lake ni fupi: sina. Mbadilishie swali. Muulize mtaani kwao watu wakimtafuta huwa wanamtafutia nini. Hapo utasikia mambo. Redio ikigoma, huletewa yeye. Mpangaji akikorofishana na mwenye nyumba, huitwa yeye akaseme. Watoto wa jirani wakikwama kwenye magazijuto, wanajua mlango wa kugonga. Yote anayasimulia kama mambo ya kawaida tu, kwa sababu hayamtoi jasho.

Shida yetu iko hapo. Tunachokifanya kwa urahisi hatukihesabu. Tunadhani kila mtu anakiweza, basi tunaendelea kutafuta kipaji kingine kilichojificha mbali, ilhali chenyewe tunaishi nacho ndani na tumeshakizoea. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya kijana huyo, na kwa dada wa miaka arobaini anayeamini muda umeshampita. Fuata hatua kwa mpangilio wake, maana wengi huanza na kunoa kabla ya kujua wananoa nini.

Hatua ya 1: Weka kando matokeo ya shule, na umri pia

Mtihani wa darasa la saba na ule wa kidato cha nne hupima mambo machache: kusoma, kukumbuka, kuhesabu na kuandika ndani ya muda. Ni mambo ya maana na simshauri mzazi yeyote ayadharau. Lakini mitihani hiyo haipimi sikio la muziki, mkono wa kushona, jicho la kusoma uso wa mteja, wala utulivu wa mtu anayesuluhisha ugomvi. Mwanasaikolojia wa Marekani, Howard Gardner, alipendekeza mwaka 1983 kwamba akili ziko za aina saba, zikiwemo za lugha, muziki, mwili, maumbo na kuelewana na watu. Baadaye akaongeza ile ya kuwafahamu wanyama na mimea. Wataalamu wengi wa vipimo wanampinga, na hoja zao ni nzito. Mimi orodha yake naitumia kwa kazi moja: kunikumbusha kutazama pande ambazo shule haitazami.

Kuhusu umri, mtazame Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa 1932 upande wa Tunduru, akaja Dar es Salaam kutafuta maisha, akafanya kazi za nyumbani kwa watu. Alianza kuchora mwaka 1968, yuko kwenye miaka ya thelathini na kitu. Hakusubiri turubai wala rangi za wasanii. Alichukua vipande vya ubao wa dari na rangi ya kupakia baiskeli, akachora wanyama na ndege, na picha zikauzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki 1972. Ilikuwa miaka minne tu, lakini wanafunzi aliowaachia waliuendeleza mtindo huo, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake na wachoraji wake wako pale pale Oysterbay. Shika mambo mawili katika habari yake: alianza na vifaa vilivyokuwepo, na kazi zake alizitoa nje zionekane mapema.

Hatua ya 2: Andika daftari la ushahidi

Nunua daftari dogo la shule. Kwa muda wa wiki mbili au tatu, kila usiku kabla ya kulala andika mistari michache. Usiandike ndoto zako wala unavyotaka kuwa. Andika yaliyotokea siku hiyo. Nani ameniomba nini leo? Kazi gani niliifanya nikashtukia muda umekwenda? Kitu gani nimekidaka mara moja huku wenzangu wakielekezwa tena na tena? Na la mwisho, ambalo watu hulipuuza: kosa gani la mtu mwingine limenikera?

Hilo la kukereka lina faida kubwa kuliko unavyodhani. Mwenye sikio hukerwa sauti ya pili inapopotea katikati ya wimbo kanisani. Waumini wengine wanaendelea kupiga makofi. Mwenye jicho huingia ukumbini Jumamosi, badala ya kumtazama bibi harusi anatazama vitambaa vya meza ambavyo havikulingana urefu. Mwenye kipaji cha kupanga kazi huumia rohoni akiona wafungasha mizigo Kariakoo wanazungukia mlango mmoja wakati wa pili uko wazi. Unaona kosa kwa sababu kichwani mwako tayari kuna picha ya jinsi lilivyopaswa kuwa. Asiye na picha hiyo haoni kitu, na wala usingizi wake wa usiku hauharibiki.

Nikupe mfano wa karibu. Kuna mama anauza vitumbua na chai asubuhi jirani na kituo cha daladala Buguruni. Mkono wa kulia unageuza vitumbua kwa kijiti, wa kushoto unapokea noti. Wateja sita wamemzunguka. Mmoja amekula vinne na chai ya rangi, mwingine vitatu na ya maziwa, wa tatu ana deni la jana, na konda ameondoka na vitano anakimbilia gari, atalipa akigeuza. Mama haandiki popote. Saa nne anapofunga anamtajia binti yake nani ameacha deni na shilingi ngapi, na hakosei. Ukimsifia vitumbua atashukuru. Ukimsifia kichwa chake cha hesabu atashangaa, atasema hiyo si kazi, ni kukumbuka tu. Vitumbua vyake ni vizuri kama vya wauzaji wengine wa pale. Kwa hesabu hana mfano. Angekuwa na daftari la wiki mbili, angeona kwamba hata kwenye kikoba, siku ya kugawana, wenzake wote humgeukia yeye.

Wiki zikiisha, soma daftari lote kwa mkao mmoja. Tafuta kinachojirudia. Jambo lililotokea mara moja liache lipite, hata kama lilikufurahisha sana.

Hatua ya 3: Waulize watu, lakini usiulize moja kwa moja

Ukimuuliza mtu "nina kipaji gani?" atakupa sifa za adabu: una roho nzuri, unajituma. Muulize swali linalomlazimu akumbuke tukio. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo mama. Nina swali moja. Ukipata shida ya aina gani unanikumbuka mimi kwanza, kabla ya kaka?"

Akafikiri kidogo. "Ya kumfikishia baba yako jambo zito. Kaka yako akilisema, nyumba inawaka moto. Wewe ukilisema, baba anakaa, anasikiliza."

Mtu anayeweza kumfikishia mzee mkali habari mbaya akasikilizwa ana kitu ambacho ofisi za huduma kwa wateja, mabaraza ya usuluhishi na wauguzi wa wodini wanakihitaji kila siku. Yeye mwenyewe alikuwa anakiita kumzoea baba.

Uliza watu watano wasiofahamiana sana: ndugu mmoja, rafiki wa shule, mtu mliyefanya naye kazi, jirani, na mmoja aliyewahi kukulipa kwa kazi yoyote. Huyo wa mwisho msikilize kwa makini, maana ndugu hupendelea. Andika maneno yao kama walivyoyasema. Watatu wakigusa jambo lile lile bila kuambiana, lizungushie duara.

Kuna njia za mkato nyingi: vipimo vya mtandaoni vya dakika kumi, semina za kulipia ambako mtu ambaye hajawahi kukuona ukifanya kazi anakutajia kipaji chako. Pesa hiyo itunze. Utaihitaji kwenye hatua ya tano.

Hatua ya 4: Kijaribu mahali ambapo kukosea hakuna gharama

Sasa una fununu moja au mbili. Zipeleke kazini kabla hujaziamini, na Dar ina viwanja vingi vya bure.

Kiwanja ninachokipenda kuliko vyote ni kamati ya harusi. Ukitaka kujua mtaani kwenu nani anaweza nini, ingia kwenye kamati moja ukae mpaka siku ya sherehe. Kuna mhazini atakayefukuzia michango bila kumkwaza mtu. Kuna atakayekaa na mwenye ukumbi mpaka bei ishuke. Kuna wa mapambo, wa chakula, na yule anayekumbuka kwamba wazee wa upande wa bibi wanahitaji usafiri wa kurudi Kibaha usiku. Kazi hizi huwa zinatafuta wa kuzifanya, na kamati haikatai mtu anayejitolea. Omba moja inayofanana na fununu yako. Ukiiharibu kidogo, kuna watu kumi wa kuifunika. Ukiiweza, kamati inayofuata itakuita bila kuomba.

Kwaya na kaswida ni kwa wenye sauti, ndondo, soka la mtaani, kwa wenye miguu. Mbwana Samatta alikulia Mbagala, akapita African Lyon na Simba hadi TP Mazembe, na tuzo ya 2015 ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani ikawa yake. Naye alianza kwa kuonekana kwenye viwanja vilivyokuwa karibu naye. Kwa sanaa za mikono tembelea Nafasi Art Space, Mikocheni, au kaa nusu siku Mwenge kwenye vinyago uwatazame wachongaji, uone kama mikono yako inawasha. Kwa anayependa kusoma na kuandika, Maktaba Kuu ya Taifa iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na ada yake haimshindi mtu mwenye nauli ya kufika hapo.

Wakati wa kujaribu usijipime kwa ubora. Kila anayeanza hufanya vibaya, hata mwenye kipaji. Tazama kasi: je, mara ya tatu imekuwa bora kuliko ya kwanza kwa kiasi ambacho hata mtu wa pembeni anakiona? Tazama pia unavyobeba sehemu inayochosha. Kila kazi inayo. Mpishi ana kumenya vitunguu, mpiga gitaa ana ncha za vidole kuuma, mwandishi ana kufuta alichoandika jana. Kama unapenda makofi lakini sehemu hiyo huiwezi kabisa, jaribu fununu yako ya pili bila kujilaumu.

Hatua ya 5: Noa kidogo kidogo, kwa makusudi

Hapa wengi hupotoshwa na ile habari ya saa 10,000, kwa hiyo nieleze ilikotoka. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake wawili walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa fidla huko Berlin. Walikuta kwamba waliokuwa bora kabisa walikuwa wamekusanya saa nyingi zaidi za mazoezi ya peke yao tangu utotoni. Wastani wao ulikuwa kama saa 10,000, na baadaye namba hiyo ikasambaa duniani kana kwamba ukizifikisha saa hizo unakuwa bingwa. Ericsson mwenyewe alieleza kwamba ile ilikuwa wastani tu, na kwamba saa haziko sawa: kurudia unachokijua tayari hakukupeleki mbele. Kisha mwaka 2014 watafiti wengine walizijumlisha tafiti nyingi wakakuta mazoezi yanaeleza takriban asilimia 26 ya tofauti baina ya watu katika michezo kama sataranji, 21 katika muziki na 18 katika michezo ya viungo. Kwa hiyo mazoezi yana uzito mkubwa, lakini yapo na mengine, na ndiyo sababu nimekuzuia usianze na jasho kabla ya kutafuta.

Mazoezi ya makusudi yana sura hii: unachagua kipande kimoja kidogo unachokikosea, unakifanya peke yake, unapata jibu la haraka kama umepatia au umekosea, unarekebisha, unarudia.

Tuseme unataka kuwa mshereheshaji. Usikariri ratiba nzima ya harusi. Jirekodi kwa simu dakika tatu ukikaribisha wazazi ukumbini, kisha sikiliza. Inauma kuisikia sauti yako, vumilia. Utakuta kila sentensi inaanza na "yaani kwa kweli". Wiki hiyo kazi yako ni moja: kuliondoa hilo. Ukitaka kulisema, nyamaza badala yake. Wiki inayofuata shughulika na majina, maana hakuna kinachoharibu sherehe kama kumwita shangazi wa bwana harusi jina lisilo lake mbele ya ukoo. Mwombe rafiki akuandikie majina ishirini ya koo mbalimbali, uyasome bila kujikwaa. Wiki ya tatu, kutuliza ukumbi bila kupiga kelele.

Au ni cherehani. Nenda soko la Karume ununue shati la mtumba la bei ya chini kabisa lenye kola nzuri. Lifumue taratibu, uzi kwa uzi, ukitazama kitambaa kigumu cha ndani kimekaaje, mshono gani ulitangulia, ncha imegeuzwaje ikatoka kali. Vipande ulivyofumua ndivyo mchoro wako. Kata kola nyingine kwa kitambaa cha bei rahisi, ishone, weka pembeni ya ile ya kwanza, linganisha. Shona kola tu, mpaka ncha zote mbili zilingane bila kulazimisha. Anayeshona shati zima kila siku na kola ikaendelea kupinda anazoea kushona kola iliyopinda.

Kuhusu muda, najua Dar ilivyo. Anayetoka Chanika au Gongo la Mboto kwenda Posta na kurudi anaacha sehemu kubwa ya siku barabarani. Muda wa garini ufanye wa kusikiliza: rekodi zako, za waliokuzidi, mafunzo uliyopakua ukiwa na bando. Muda wa mikono uwe alfajiri, nusu saa kabla nyumba haijaamka. Nusu saa ya kila siku ni bora kuliko Jumapili nzima, kwa sababu akili inahitaji kulala na kitu ndipo ikishike.

Vifaa: nunua kimoja kinachokuzuia sasa hivi, basi. Kumbuka ubao wa dari.

Hatua ya 6: Tafuta fundi wa kukusahihisha

Peke yako utafika mahali utakwama, kwa sababu makosa yako mengine huyaoni. Kwa useremala nenda Keko, kwa magari gereji za Gerezani na Ilala, kwa ushonaji zunguka Kariakoo. Usiende mikono mitupu, na usiende kuomba "kufundishwa". Nenda asubuhi kabla wateja hawajajaa, na kazi uliyoifanya: "Shikamoo mzee. Hii kola nimeshona mwenyewe, ncha hii inanisumbua. Naomba unioneshe nakosea wapi." Fundi anayeipenda kazi yake hawezi kuiona kola iliyopinda akanyamaza. Ataishika, ataigeuza, atakuonesha. Shukuru, nenda ukarekebishe, mrudishie wiki inayofuata. Ukirudi mara ya tatu na kosa limepungua, yeye mwenyewe atakuuliza unakaa wapi na una nafasi siku gani.

Mkikubaliana uwe saidia fundi, elewaneni mapema mbele ya mtu mmoja wa kushuhudia: siku ngapi kwa wiki, utafundishwa nini, nauli na chakula inakuwaje. Kufagia na kutumwa maji ni sehemu ya kuingia kazini na hakuna aibu ndani yake. Lakini kama miezi inapita na hujawahi kukabidhiwa kifaa, umeajiriwa bila mshahara. Aga kwa heshima, tafuta mwingine.

Hatua ya 7: Karatasi na pesa

Ujuzi uliojifunzia mtaani unaweza kutambuliwa rasmi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kuurasimisha: mtu anapimwa kwa anachokiweza, anafundishwa anapopungukiwa, kisha anapata cheti. Wana pia kozi fupi. Kwa Dar pa kuulizia ni Chang'ombe. Ukiwa na wazo la kutengeneza bidhaa, SIDO wapo kwa ajili ya viwanda vidogo tangu 1973. Kama kazi yako ni wimbo, picha au maandishi, haki ni yako tangu ulipoitunga, lakini kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku mtu mwingine akiitumia kama yake.

Kazi ya kwanza ya pesa toza bei ndogo, ila usiifanye bure. Bei ya bure haikuambii kama mteja ameipenda kazi au ameupenda ubure. Usiache ajira yako mpaka wateja usiowafahamu kabisa, wasio ndugu wala wa kanisani au msikitini kwako, waanze kurudi mara ya pili.

Na kama mko watu kadhaa wenye kipaji kinachofanana, kundi lina mlango ambao mtu mmoja hana. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, mwulize masharti ya sasa ya usajili wa kikundi, mwombe akuandikie nyaraka zote zinazotakiwa kwenye karatasi moja, kisha ndipo muitane mkae na kuchagua mwenyekiti, katibu na mhazini.